Usukani wa Mkono Mmoja

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, mimi ni Filomena. Nilizaliwa Dakawa kwenye mashamba ya mpunga, nikaolewa Morogoro Mjini na Laurenti, Mluguru wa Mgeta, dereva wa bodaboda aliyekuwa akishusha kabichi na karoti kutoka milimani mpaka soko la Mawenzi.

Mlio nami tangu mwanzo mnajua yaliyotupata. Mafuriko yalichukua shamba nililoachiwa na baba. Mtoto wetu wa pekee, Amani, akafa kwa homa wakati baba yake yuko Mgeta na simu yake haipatikani. Hatujamaliza kupokea watu wa pole, Laurenti akaanguka na pikipiki kwenye kona za juu ya Mlali. Walimkuta bondeni, kabichi zimetapakaa, yeye na pikipiki wamejaa tope; sote tukasema ni utelezi wa mvua.

Alipona, mkono wake wa kushoto haukupona. Daktari alisema mishipa ya fahamu imeng'oka begani. Mkono upo, una joto lake, lakini ukiuinua na kuuachia unaanguka.

Na nilipoishia, mjomba wake alikuwa amesimama mlangoni kwetu Chamwino na mfuko wa magimbi, akiuliza kama mgonjwa yuko ndani.

Mjomba Fransisko ni mzee mpole. Laiti angekuwa mkali ningejua namna ya kupambana naye. Nilimwamkia, akaitikia taratibu, akanipa pole ya mtoto kwa mara nyingine, akakaa kwenye kiti karibu na mlango kama mgeni asiyetaka kusumbua. Nikampa maji. Akanywa, akashukuru, akaniomba nikae.

"Mama," akaniambia, "nimekuja kumchukua mtu wetu."

Nikajua papo hapo. Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Mwanamume akiwa mzima anaishi na mke wake popote. Akishindwa, kwao wanamkumbuka. Mjomba alinieleza yote hayo bila kunitukana hata kidogo. Alisema dada zake Laurenti wana nyumba, wana migomba, wana maharage, na mama yao bado ana nguvu. Alisema mimi nimehangaika vya kutosha, kuuza chakula stendi ya Msamvu toka alfajiri halafu kurudi kumvisha mtu shati. Gari la kubeba viazi lilikuwa linateremka mwisho wa juma. Likipanda, lingepanda na Laurenti.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amekaa kitandani, pazia limefunguliwa, anatazama sakafu.

"Baba Amani," nikamwambia, "umesikia?"

 Watu wote bado walituita hivyo, Mama Amani na Baba Amani, na sisi wenyewe tuliitana hivyo. Hatukuwa na majina mengine ya kuitana.

Nikaanza kulia mbele ya mgeni. Sikulia kwa sauti. Nilijifuta na kanga, na machozi yakaendelea kutoka. Nadhani ndipo Laurenti aliponyanyua kichwa. Alinitazama, kisha akasema neno ambalo hakuna aliyelitarajia, hata mjomba wake.

"Mjomba, nikiweza kuiendesha pikipiki, nibaki."

Mzee Fransisko alimkazia macho. Alionekana kama mtu aliyetumwa dukani, kisha aliyemtuma akamwambia hamjui. Mimi niliona ni mshangao wa kawaida. Nani asingeshangaa kusikia mtu wa mkono mmoja anataka kuendesha pikipiki?

"Kwa mkono huo?" akauliza.

"Kwa huu mzima."

Mzee akafikiri. Mwishoni akasema ana jamaa zake Kichangani, atakaa kwao mpaka gari litakapofika. Siku hiyo atakuja. Akimwona mpwa wake anaendesha, ataondoka peke yake na magunia.

Basi nikapata kitu cha kushika. Wasomaji, msinicheke. Mtu aliyezama hachagui cha kushika.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kwenye baraza ya nyuma, imefunikwa turubai tangu ililetwa. Injini ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni usukani. Ulipinda upande wa kushoto mpaka ncha yake ikaangalia tangi, na mipira ya kushikia ilichanika, wa kushoto umebaki nusu. Kioo kimoja kilikatika. Taa ya mbele ilikuwa na ufa, lakini iliwaka.

Nilikwenda kwa Issa, fundi wa pikipiki wa mtaani kwetu, kijana mwenye heshima ambaye siku za nyuma alikuwa akimtengenezea Laurenti. Nikamweleza tunachotaka. Kwa kawaida klachi inashikwa kwa mkono wa kushoto na breki ya mbele kwa mkono wa kulia. Laurenti alitaka klachi ihamie kulia, ikae mahali pa breki, yeye ashike klachi na kuvuta mafuta kwa mkono huohuo. Breki ibaki ile ya mguu peke yake.

Issa aliacha kufanya alichokuwa anafanya. Akasema usukani mpya atatuuzia, na mipira, na waya mrefu wa klachi. Ila kufunga hafungi.

"Mama Amani, njia ya Mgeta unaijua," akasema. "Mtu anateremka kule bila breki ya mbele? Mimi siwezi kuufunga usukani huo halafu nikaja msibani nikala wali."

Nilimwambia Laurenti hatakwenda Mgeta, atabeba abiria wa hapahapa mjini, kwenye tambarare. Issa akatikisa kichwa. Alinifungia vitu kwenye gazeti, akaniazima spana na bisibisi, akarudi kwenye kazi yake bila kunitazama.

Nilipomweleza Laurenti, hakukasirika. Alisema tutafunga wenyewe, hapahapa barazani.

"Wewe ndiye utakayefunga," akasema. "Mimi nitakuelekeza."

Nitawaambia ukweli mmoja. Siku zile za kufunga usukani ndizo siku nzuri za mwisho nilizozipata na mume wangu. Tangu Amani afe tulikuwa tunazungumza mambo ya lazima tu, dawa imenywewa, chumvi imekwisha. Sasa nikirudi kutoka Msamvu mchana, nilimkuta ameshavuta kiti mpaka barazani, turubai limeondolewa, ananingoja. Mlima uko juu yetu, mawingu yameshuka mpaka nusu yake, na yeye ananieleza nati ipi inafunguka kuelekea wapi.

Tulianza kwa kuvua. Kioo kilichobaki. Swichi za taa na indiketa. Kishikio cha klachi, kisha cha breki. Aliniambia nilegeze waya kwanza kabla sijafungua kishikio, nisiulazimishe, na kila nati niiweke kwenye kopo pamoja na mwenzake. Mipira ya zamani ilikuwa imegandia chuma. Nikaichana kwa wembe, ikatoka vipande vipande, na chini yake chuma kilikuwa cheupe, safi, kama ndani ya kidonda kilichopona.

Mpira wa kulia ulikuwa umelika pale vidole vyake vilipokuwa vikishika. Nikautupa kwenye takataka pamoja na ule wa kushoto. Yeye aliutazama ukienda.

Usukani wa zamani ulikuwa umebanwa kwa vibanio viwili juu ya shingo ya pikipiki. Nati moja ilikuwa na kutu, ikakataa. Nilining'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote, ikatoka ghafla, nikakaa chini kwa kishindo. Laurenti alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu msiba, nikabaki nimekaa palepale chini ili kisiishe.

Usukani mpya tuliuweka, akaniambia nisikaze kwanza. Akaja akakaa kwenye kiti cha pikipiki, nami nimeishikilia isianguke, akashika upande wa kulia, akaniambia ushushe, upandishe kidogo, hapo. Kisha nikabana, huku kidogo, kule kidogo, ili vibanio vikae sawa pande zote.

Kishikio cha klachi tulikigeuza kichwa chini kikakaa kulia. Waya mrefu ukapita mbele ya taa. Waya wa breki ya mbele tukauchomoa, tukaukunja, tukaufunga kwa mpira kwenye shoki, ile springi ya tairi la mbele. Wakati naufunga niliuliza kama kweli hatuuhitaji.

"Mkono ni mmoja, Mama Amani. Hauwezi kufanya kazi zote."

Honi ilibaki upande wa kushoto. Nikamuuliza atapigaje honi. Akasema atapiga kelele.

Ikaja mipira. Nilileta maji ya sabuni, akakataa. Sabuni haikauki, alisema, mpira utazunguka mkononi. Akaniambia nimimine petroli kidogo ndani ya mpira, niuzungushe, nisukume upesi kabla haijakauka. Wa kushoto ukaingia. Niliuliza wa nini upande wa kushoto, na mkono wenyewe haushiki. Nilijuta kabla sijamaliza kuuliza.

"Nao uwekwe," akasema. "Usukani wenye mpira upande mmoja, kila mtu atauangalia."

Wa kulia ndio uliotugombanisha. Upande wa kulia mpira hauvishwi kwenye chuma. Unavishwa kwenye bomba la plastiki linalozunguka, lile linalovuta mafuta. Mimi nilisukuma kwa nguvu mno, bomba likagusa chuma cha ndani. Nikazungusha, likazunguka. Nikaachia, halikurudi.

"Limekwama," nikasema, "lakini litalegea lenyewe."

Laurenti alisimama. Uso wake ulibadilika mpaka nikarudi nyuma.

"Mafuta yasiporudi pikipiki haisimami," akasema. "Unataka kuniua?"

Alisema kwa sauti mpaka jirani, mama mmoja aliyekuwa akianua nguo zake, akageuka. Niliweka bisibisi chini. Nilisema mimi si fundi, mimi nauza wali na maharage, na nimefanya kazi hii kwa sababu sitaki kubaki peke yangu katika chumba ambacho mtoto wangu amefia. Basi. Hayo ndiyo niliyosema.

 Kisha akafanya kitu cha ajabu, akaniomba radhi. Alinishika bega kwa mkono ule mzima na kusema niache nafasi kidogo tu, bomba lisiguse mwisho, nianze upya. Nikaanza upya. Bomba likazunguka, nikaachia, likarudi kwa mlio mdogo. Tak. Akanitaka nilizungushe tena na tena, huku ameinamisha kichwa akisikiliza.

Tukawasha. Mimi ndiye niliyepiga kiki. Aliniambia nigeuze usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, injini ikiwa inanguruma. Kulia ilikuwa sawa. Kushoto injini ikapiga resi yenyewe, waya wa mafuta ulikuwa unavutwa. Tukafungua, tukaupitisha njia nyingine, nyuma ya taa. Tukajaribu tena, ikatulia.

Ilipotulia nilimtazama. Nilitaka aone nilivyofurahi. Alikuwa anautazama usukani, uso hauna furaha wala huzuni, kama anayemtazama mtu asiyemwamini.

Mjomba Fransisko alikuja siku ya gari, asubuhi, baada ya misa. Gari lilikuwa sokoni linapakua, lingetupitia baadaye. Tulikwenda wote watatu kwenye uwanja wa mpira ulio nyuma ya nyumba zetu, mimi nikisukuma pikipiki, Laurenti pembeni yangu, mzee nyuma. Habari ilikuwa imeshasambaa. Waendesha bodaboda wa kijiweni walikuja. Issa fundi alikuja pia, akasimama mbali, mikono ameikunja.

Nilikuwa nimemfunga Laurenti mkono wa kushoto kifuani kwa kanga, chini ya koti, ili usining'inie. Akapanda. Akakanyaga gia, akaachia klachi kwa vidole viwili huku kiganja kikivuta mafuta.

Ikazima.

Hakuna aliyecheka. Akajaribu tena. Safari hii ikaondoka, ikiyumba, ikanyooka.

 Alizunguka uwanja polepole kwa gia ya kwanza, kisha ya pili. Alipopita mbele yetu alikuwa amekaa wima kama zamani. Wenzake wakaanza kupiga makofi. Akaenda mzunguko wa pili, kwa kasi kidogo. Nilisikia mzee Fransisko akisema kitu kwa Kiluguru, peke yake, kwa sauti ya kushangaa.

Upande wa mbali wa uwanja huo kuna korongo. Mvua zimelichimba mwaka hadi mwaka, sasa ni refu kuliko mtu, na chini ni mawe. Mzunguko wa tatu Laurenti hakukata kona pale alipokata mara ya kwanza na ya pili. Alinyoosha kuelekea korongoni. Nilidhani anatafuta nafasi ya kugeuza. Alizidi kwenda. Mama mmoja karibu yangu akashika mdomo. Tairi la mbele lilipofika kwenye majani ya ukingoni, pikipiki ikageuka, tairi la nyuma likateleza na kurusha udongo ndani ya korongo, ikakaa sawa, ikarudi kwetu.

Wenzake walipiga mayowe. Mmoja akasema Laurenti amerudi, huyo ndiye Laurenti mwenyewe, anacheza na korongo kwa mkono mmoja. Hata Issa alikunjua mikono yake.

Alisimama mbele ya mjomba wake, akazima. Jasho lilikuwa linamtoka usoni, asubuhi ile ya baridi.

Mzee Fransisko alimpa mkono. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama, umeshinda," akasema. "Nitawaambia dada zake kwamba nimeona kwa macho yangu. Abaki."

Wasomaji, mnajua mimi sina bahati ya kufurahi kwa muda mrefu. Lakini siku hiyo nilifurahi tangu uwanjani mpaka nyumbani. Nilinunua nyama. Nilikaanga, nikasonga ugali, nikawatengea mzee na mume wangu mezani, nikakaa nao badala ya kukaa jikoni. Niliongea sana. Nilisema tutaanza na abiria wa karibu, wa kanisani, wa sokoni. Nilisema mwakani nitarudi Dakawa kuona kama shamba limekauka. Mzee alikuwa ananiitikia, anatabasamu.

Laurenti hakula. Alinawa mkono, akamega tonge, akalirudisha kwenye sahani.

"Mjomba," akasema, "gari likija nitaondoka na wewe."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Ulisema ukiweza utabaki," nikamwambia. "Umeweza. Kila mtu ameona."

"Nimeona na mimi. Nakwenda."

"Basi na mimi nakwenda. Nitafunga vitu sasa hivi."

"Usije, Mama Amani."

Alilisema kwa upole, na upole ule ndio uliochoma. Nikamgeukia mzee. Sikumwonea haya tena, mkwe wangu, mtu mzima. Nilimwambia yeye ndiye aliyemtia maneno haya. Nilimwambia amekuja na magimbi na pole zake kuvunja nyumba ya watu, na sasa anajifanya amenipa ushindi wakati tayari wamekubaliana pembeni. Nilisema mengi mengine ambayo sitayaandika.

Mzee aliyasikiliza yote. Alipoona nimeishiwa, alinawa mkono wake, akajifuta, akamtazama mpwa wake.

"Niseme?" akamuuliza.

Laurenti alisukuma sahani yake pembeni.

"Mama, sikuja kwa akili yangu," mzee akasema. "Aliniita. Alinipigia simu akasema, Mjomba, njoo unichukue, na usimwambie mke wangu kama mimi ndiye niliyekuita. Nikaja. Nilipofika nikamsikia anasema habari za pikipiki. Mimi mwenyewe sikuelewa. Nikafikiri labda amekuona unalia akabadili moyo."

 Nikamuuliza Laurenti kama ni kweli. Akasema ni kweli.

"Umenichoka?"

"Hapana."

"Unanilaumu kwa ajili ya mtoto?"

"Wewe?" akasema, akashangaa kweli. "Wewe ulikuwa naye. Mimi ndiye sikuwepo."

Hatukuwahi kulisema hilo. Lilikaa nasi chumbani miezi yote ile na hakuna aliyelisema. Nilitaka kumshika, lakini meza ilikuwa katikati, na alikuwa hajamaliza.

Nikamuuliza kwa nini, basi. Kama alikuwa ameshaita watu waje kumchukua, kwa nini alinikalisha barazani na spana, kwa nini alinifundisha, kwa nini alicheka siku ile nati ilipotoka. Kwa nini alinipa siku zile.

"Nilipokuona unalia nilitaka nibaki. Kweli nilitaka," akasema. "Lakini ilibidi nijue kwanza nikiishika tena nitafanya nini."

"Umeishika. Umeendesha vizuri kuliko wenye mikono miwili."

"Uliniona pale korongoni?"

"Nilikuona. Watu walipiga mayowe."

"Sikuwa nawaonyesha watu."

Mzee Fransisko alivua kofia yake. Nilimwona akiivua, na bado mimi sikuwa nimeelewa. Au nilikuwa nimeelewa na moyo umekataa, sijui. Nilianza kukusanya sahani ambazo hazijaliwa. Laurenti akanyoosha mkono wake mzima akaushika wangu, sahani ikabaki imening'inia kati yetu.

"Filomena," akasema.

Hakuwa ameniita jina langu tangu siku niliyojifungua.

"Siku ile kwenye kona, barabara ilikuwa kavu. Mvua ilinyesha baadaye, nikiwa nimelala kule chini."

Nilikaa. Sahani sijui niliiweka wapi.

Alisema siku ile hakupanga kitu. Alikuwa anateremka na kabichi kama siku zote, akafika mahali ambapo simu hushika mtandao, palepale ambapo siku ile nyingine simu yangu ilimfikia kumwambia Amani hatunaye tena. Kona ikaja, na mkono haukuikata. Ndivyo alivyosema. Alisema leo uwanjani mkono ulikata, lakini ulichelewa, na hajui kesho utachelewa kiasi gani. Mimi nikienda Msamvu yeye hubaki peke yake na pikipiki hiyo mchana kutwa. Kwao kuna watu wengi. Hawatamwacha. Na mimi asingependa nimchunge kama mwizi, baada ya yote niliyokwishabeba.

Mzee alikuwa anatikisa kichwa polepole. Nilisikia anasema, mwanangu, mwanangu, na hakuendelea.

Nilitaka kusema kuna madaktari. Nilitaka kusema nitaacha Msamvu, nitaiuza pikipiki leo hii, nitaukata usukani ule kwa msumeno. Nilitaka pia kumpiga, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa tayari kuniachia makaburi mawili. 

Nje gari likapiga honi. Magunia matupu, dereva amechoka, anataka kuwahi kabla ukungu haujashuka.

Niliwaza kwamba nikisema abaki, nambakiza na mchana mrefu na mimi sipo. Nikisema aende, njia ya Mgeta ni moja tu, na inapita kwenye kona ile, na atapita akiwa amekaa upande wa mlango.

Honi ikapigwa tena.

Mzee Fransisko hakuinuka. Laurenti hakuinuka. Mtu na mjomba wake, wenye neno lao na ukoo wao, walikuwa wamekaa mezani kwangu wananitazama mimi.